VITI KUMI VYA KILIFI, NA MFANYA KAZI HANA JIMBO



Kila unapokwisha uchaguzi mkuu, kutoka Marereni mpaka Mtwapa swali ni moja tu katika baraza za kahawa: nani kapata uwaziri? Gavana hajakaa sawasawa kitini na watu wamekwisha anza kuhesabu kwa vidole. Magarini wamepewa mmoja, Malindi wawili, Ganze wamesahauliwa tena, Rabai wananung'unika. Hesabu hii hufanywa kwa bidii kubwa. Laiti bidii hiyo tungeitia katika kusoma karatasi zetu za mshahara, tungalikuwa mbali.

Katiba imeweka uchaguzi siku ya Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano. Ilikuwa hivyo 2017, ikawa hivyo 2022, na zamu inayofuata ni 2027. Kila uchaguzi una baraza lake la mawaziri, na kila baraza likiundwa sisi wafanya kazi hupata habari yake katika redio kama watu wengine, wakati mambo yote yamekwisha. Nataka tuzungumze habari hiyo sasa, kabla ya kelele za kampeni kutuziba masikio.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Kilifi ina majimbo saba ya uchaguzi, nayo ni Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Ndani yake mna wadi 35, na hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu 1,453,787. Katika kifungu cha 179 cha Katiba ya 2010 imeandikwa kwamba kamati tendaji ya kaunti, ndiyo hiyo tunayoiita baraza la mawaziri, ni Gavana, Naibu wake, na watu aliowateua Gavana wakakubaliwa na Bunge la Kaunti. Ikiwa Bunge lina wajumbe 30 au zaidi, kama letu, mawaziri hao wasizidi kumi. Tena wasiwe wajumbe wa Bunge. Hapo twatofautiana na majimbo ya Uhindi, maana kule waziri lazima awe mjumbe wa bunge, au apate kiti ndani ya miezi sita.

Viti kumi, majimbo saba. Kila jimbo likipata kimoja, vitatu vyabaki, na ugomvi wote uko katika hivyo vitatu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yamtaka Gavana aangalie mchanganyiko wa jamii za kaunti yake, na Katiba yakataza zaidi ya theluthi mbili ya kamati wawe wa jinsia moja. Haya ni mambo mema, wala siyapingi. Mtu wa Ganze ambaye kisima chake kimekauka ana haki ya kuuliza kwa nini hana wa kumsemea mezani. Lakini tazameni kidogo: katika hesabu yote hiyo, mfanya kazi yuko wapi? Mkata katani wa Vipingo, mpishi wa hoteli ya Malindi, mchota chumvi wa Gongoni, mfagia soko wa Mariakani, hawa jimbo lao ni lipi? Pengine kazaliwa Bamba, anafanya kazi Watamu, anapanga chumba Timboni. Mwingine katoka Kitui au Kisumu, na watoto wake wamezaliwa papa hapa. Katika mgawo wa viti hahesabiwi popote.

Wazee wetu waliyaona haya zamani. Zama za Mkoloni, Liwali na Mudiri wa pwani hii waliletwa kutoka juu, hakuna aliyeulizwa. Ikaja 1961, KANU wakakataa kuunda serikali mpaka Bwana Kenyatta aachiliwe, na mtu wa kwetu, Bwana Ronald Ngala wa KADU, akakubali kuiunda. Mwaka 1963 nchi ikagawanywa kwa Majimbo, na Bwana Ngala akawa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Wengi wetu pwani tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Lakini siku zile wafanya kazi wengi wa bandari ya Mombasa waliotoka bara waliingiwa na hofu kwamba serikali ya jimbo maana yake ni kuambiwa warudi kwao. Watu waliogoma pamoja Machi 1955, waliokula muhogo mmoja na kulala mabweni mamoja, wakaanza kutazamana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Serikali ile ya Jimbo haikudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, na nchi ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka ule ule, nguvu za majimbo zilikuwa zimekwisha. Ule mtazamano wa mwenyeji na mgeni haukufutwa na sheria yo yote, na kila uchaguzi hutiwa maji ukachipuka.

Mlinganishe na jambo jingine la miaka ile ile. Mwaka 1962, serikali ilipokuwa ya KANU na KADU pamoja, Waziri wa Kazi alikuwa Bwana Tom Mboya, aliyetoka katika vyama vya wafanya kazi. Oktoba 1962 serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi wakatia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Kazi. Mkataba ule ulisema mwajiri atambue chama, na ugomvi upitie njia iliyowekwa kabla ya mgomo. Ulitufunga mikono kidogo, hilo ni kweli, na wako waliolalamika. Lakini uliwafunga na waajiri. Wala hakuna mtu aliyeuliza sahihi ile ni ya jimbo gani. Mkwezi wa minazi wa Kilifi na mchuma chai wa Kericho waliipata sawasawa.

Basi turudi kwenye Kaunti. Kuna uwongo mmoja ambao tumeuzoea hata tumeuona kweli, nao ni kwamba ukipata waziri wa kwenu umepata kazi za vijana wenu. Kwa sheria si hivyo. Anayeajiri katika kaunti ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na wajumbe wake hukaa miaka sita. Anayesimamia fedha za idara na kujibu hesabu zake ni Afisa Mkuu, ambaye naye huteuliwa na Gavana na kukubaliwa na Bunge. Fedha zikitoka katika mfuko wa kaunti, lazima Mdhibiti wa Bajeti akubali. Waziri hana daftari la ajira mfukoni. Akimtia mpwa wake kazini kwa mlango wa nyuma, huyo mpwa ndiye wa kwanza kutolewa siku ya ukaguzi, na kijiji kizima kilichopiga vigelegele hakikupata kitu.

Nguvu ya waziri iko mahali pengine, na hapo hatutazami. Yeye ndiye anayepeleka makadirio ya idara yake. Yeye ndiye anayesema mezani kwamba zahanati hizi zataka wauguzi kumi wa kudumu, au kwamba watoshe watano wa mkataba. Kanuni za fedha za 2015 zimeweka kwamba mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yake. Ndani ya kiasi hicho kuna kuvutana, na mwenye kunyamaza hukatwa. Mwaka hadi mwaka, waziri wa afya na waziri wa fedha wana la kusema juu ya maisha ya mtumishi wa kaunti kuliko mjumbe ye yote anayekuja na pikipiki hamsini wakati wa kura.

Watumishi wenyewe ni akina nani? Mwaka 2013 kaunti ilipoanza ilirithi watumishi wa mabaraza ya zamani, pamoja na Manispaa ya Malindi na Baraza la Kaunti la Kilifi. Ikarithi hospitali na zahanati kutoka Serikali Kuu, na wauguzi na waganga wake. Ikapewa shule za chekechea, kilimo cha mashambani, uvuvi, masoko, barabara ndogo na taka. Kwa hivyo mwajiri mkubwa sana wa pwani hii leo si hoteli wala shamba la katani, ni Serikali ya Kaunti. Nakumbusha mgomo wa wauguzi wa 2017, ulioanza Juni na kwisha Novemba, miezi mitano kamili nchi nzima. Mama wajawazito walirudishwa milangoni. Ugomvi ule ulikuwa juu ya mapatano ya mishahara, na katikati yake ulikuwa mchezo wa mpira: Serikali Kuu yasema nendeni kwa kaunti, kaunti zasema ngojeni Serikali Kuu ilete fedha. Muuguzi akawa mpira.

Na wako wadogo zaidi. Mwalimu wa chekechea wa mkataba, ambaye kila mkataba ukikaribia mwisho hajui kama Januari atafundisha au atauza maandazi. Mfagiaji anayeitwa kibarua mwaka wa nne sasa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyoweza kwisha chini ya miezi mitatu, asihesabiwe tena kibarua wa kutwa. Soko halimalizwi kufagiwa, ndugu zangu. Hata watoto wajua hayo. Tena yako mambo ya makato: katika kaunti nyingi za Kenya ripoti za serikali zimeonyesha fedha za pensheni zilizokatwa mishaharani zikachelewa kufika kwenye mifuko ya pensheni. Mtu amestaafu, anaambiwa hesabu yake haijatimia, na karatasi zake zaonyesha alikatwa kila mwezi. Mambo kama hayo mawaziri wa fedha wa kaunti waulizwe kabla ya kuapishwa.

Wenzetu wa makampuni wasidhani haya hayawahusu. Ni kweli mambo ya kazi na mapatano ya waajiri ni ya Serikali Kuu, na ofisa wa kazi hatoki kwa Gavana. Lakini tuchukue chumvi. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa wazi juu ya viwanda vya chumvi vya Magarini, na ripoti ikatoka 2006. Mlikuwamo malalamiko ya ardhi, ya visima kuingia chumvi, na ya hali ya wafanya kazi wenyewe. Leo leseni ya biashara ni ya kaunti, maji ni ya kaunti, bwana afya ni wa kaunti. Waziri anayetaka anaweza kumpeleka bwana afya Gongoni akatazame kama watu wana viatu vya kukanyagia chumvi na maji ya kunywa. Asiyetaka hupeleka salamu za sikukuu. Hali kadhalika hoteli: msimu wa watalii ukianguka, wanaopewa likizo bila mshahara ni wapishi na watandika vitanda, na waziri wa utalii wa kaunti huzungumza na wenye hoteli mara nyingi kuliko sisi. Je, huwauliza lo lote juu ya watu wao?

Upande wa pili wa bahari hii kuna nchi ya Kerala, watu wa nazi, kamba za makumbi na korosho kama sisi. Tarehe 5 Aprili 1957 iliapishwa huko serikali ya jimbo chini ya Bwana E. M. S. Namboodiripad, baraza la watu kumi na mmoja pamoja naye mwenyewe. Uwaziri wa Kazi na Uchukuzi alipewa Bwana T. V. Thomas, kiongozi wa wafanya kazi wa kamba za makumbi wa Alappuzha. Chama chao kilikuwa cha Kikomunisti na siyo habari yangu hapa. Nasema tu kwamba kule wasokota kamba na wabangua korosho walikuwa na vyama vyenye nguvu kiasi kwamba aliyeunda baraza hakuweza kuwaruka, hata katika nchi yenye mgawanyiko mkali wa dini na tabaka za kuzaliwa. Serikali ile iliondolewa na Serikali Kuu ya Delhi tarehe 31 Julai 1959, lakini vyama havikuondoka nayo. Sisi kiwanda chetu cha korosho cha Kilifi kilianza miaka ya 1970 na kikafungwa miaka ya 1990, na waliofanya kazi humo wakatawanyika.

Sasa wako wanaosema: basi na sisi tudai mtu wa chama apewe uwaziri, kama Thomas yule. Mimi naona hapana. Mtu wetu akikaa kwenye kiti kile amekuwa mwajiri. Atakula kiapo cha siri ya baraza, na Gavana aweza kumfukuza wakati wo wote aonapo inafaa, sheria yampa ruhusa hiyo. Siku ya mgomo wa wauguzi atasimama upande gani? Tutakuwa tumepoteza katibu mzuri na kupata waziri mwoga. Wako pia wanaosema chama kisiingie siasani kabisa. Hao nao huwauliza hivi: mwajiri wako akiwa ni serikali, na bosi wako akateuliwa na mwanasiasa, utakaa wapi pasipo siasa? Chini ya mkorosho?

Njia iko katikati, nayo ni ya sheria, ila haitumiki. Kabla waziri hajaidhinishwa hupigwa msasa na kamati ya Bunge la Kaunti. Sheria ya 2017 ya kuidhinisha uteuzi katika mabunge ya kaunti yataka siku na mahali pa mahojiano patangazwe mbele, na mahojiano yawe ya wazi kwa watu. Mtu ye yote aweza kumpelekea Karani wa Bunge maandishi ya kiapo yenye ushahidi kwamba aliyeteuliwa hafai. Tena Katiba, kifungu cha 196, yalitaka Bunge lifanye kazi zake wazi na kuwashirikisha watu. Waziri akiisha kukaa, njia haikufungwa: theluthi moja ya wajumbe waweza kuleta hoja ya kumwondoa kwa uzembe, kwa kutumia vibaya madaraka au kwa kuvunja sheria, na kamati ikachunguza.

Nani hufika siku ile ya msasa? Hufika jamaa za waziri mteule, wamevaa vizuri. Hufika wapinzani wake wa jimbo. Hufika mawakili. Wafanya kazi wako kazini, na hilo ndilo tatizo letu la kweli, maana mahojiano hufanywa siku za kazi mchana na hakuna mwenye kupewa ruhusa. Bunge letu lilianzia Malindi 2013, na ofisi ya Gavana iko Kilifi, karibu kilomita 60 kati yake. Mtu wa Kaloleni atatumia mshahara wa siku nzima kwa nauli. Wajumbe wa kamati huuliza maswali yanayoletwa mezani kwao, na yakiwa yameletwa ya majimbo tu, watauliza ya majimbo.

Kwa sababu hiyo napendekeza katika mkutano wa tawi tufanye hivi. Matawi ya wauguzi, watumishi wa kaunti, mashamba, hoteli na chumvi yachague watu wawili wawili, wakae pamoja, waandike karatasi moja. Isizidi kurasa mbili, maana ndefu haisomwi. Aliyeteuliwa waziri wa afya aulizwe wauguzi na wahudumu wa mkataba atawapeleka Bodi waingie kazi ya kudumu katika mwaka gani wa bajeti, na wangapi. Wa elimu aulizwe vivyo hivyo juu ya walimu wa chekechea. Wa fedha aulizwe makato ya pensheni na ya chama yanakaa siku ngapi kabla ya kupelekwa, na kama yuko tayari kuleta hesabu hiyo mbele ya Bunge kila robo mwaka. Wa maji na wa biashara waulizwe habari ya Gongoni na Marereni. Majibu yaandikwe. Karatasi ipelekwe kwa Karani na nakala kwa kila mjumbe wa kamati, wa chama cho chote cha siasa, na ipigwe mhuri wa kupokelewa tubaki na nakala yetu. Isitiwe jina la jimbo hata moja.

Agosti 2022 Bwana Gideon Mung'aro alipochaguliwa Gavana, na Bi Flora Chibule Naibu wake, hatukuwa na karatasi kama hiyo. Hatukuwa nayo 2013 wala 2017 katika vipindi viwili vya Bwana Amason Kingi. Magavana hao hawana kosa kwa hilo. Haikuwa kazi yao kutuandikia.

Gharama si kubwa: karatasi, wino wa mashine, nauli ya watu wawili kwenda kwa Karani. Kazi ngumu ni kukusanya majina ya walio vibarua zaidi ya mwezi mmoja, idara kwa idara, na tarehe walizoanza. Bila orodha hiyo maswali yetu ni maneno matupu, na waziri mteule atajibu kwa maneno matupu. Kila mwakilishi wa mahali pa kazi aanze ya kwake sasa, aandike jina, kazi, mwezi na mwaka wa kuanza, na jinsi anavyolipwa, kwa siku au kwa mwezi. Orodha ziletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano. Majina hayatachapishwa katika gazeti hili wala kuonyeshwa kwa msimamizi ye yote. Karani wa Bunge atapelekewa hesabu tu, na orodha yenyewe itafungiwa ofisini.